Mita Mia Tatu Kusini

Kalangalala, Geita
Jumamosi, saa kumi jioni

Kabula mwanangu,

Najua utacheka ukiona karatasi. Utasema, baba na wewe, si ungenitumia ujumbe kwenye simu? Nimejaribu. Nimeandika mistari mitatu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mpaka kidole kikauma. Kuna jambo lina miaka kumi na mbili limekaa hapa kifuani. Kila nikitaka kulisema, wewe unaniuliza kama chai niongezewe sukari, basi linarudi lilikotoka. Kwa hiyo kaa chini usome. Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako na ninawajua, hamtamalizana leo mapema.

Mambo ya kula kwa wakati, kutochelewa kanisani na kutojibizana na wakubwa wa kazi sitayaandika. Shangazi yako Kashinje amekuchosha nayo kwa simu kutoka Kahama wiki nzima, tena kwa sauti kubwa, hata mimi niliyekuwa nje nimeyashika yote kichwani.

Nitaanza na kifaa, maana ndicho ninachokijua.

Siku ile tulipokwenda Mwanza kununua GPS yako uliniona mkorofi. Muuzaji alikuwekea mkononi ile ya kugusa kioo, ina rangi kama picha za kalenda, na wewe ukayeyuka palepale. Nikamwomba tutoke nayo nje mlangoni. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Ukaiinamia, ukaifunika kwa kiganja, ukasema, "Baba, mbona sioni kitu?" Nikakuambia huko milimani unakokwenda kuongoza watembezi hakuna paa. Muuzaji akanuna. Nikamuuliza inakula betri gani, akasema, "Inachajiwa kwa waya, mzee, kama simu." Haya, na siku ya tatu porini huo waya mtu auchomeke kwenye mti upi? Nikachovya kidole kwenye maji ya kunywa nikadondoshea tone kwenye kioo, ramani ikaanza kukimbia yenyewe kama imepandwa na mashetani. Hapo hata wewe ulicheka, usikatae.

Tukaondoka na hiki kinene, cha vitufe, kioo kidogo kisicho na urembo, kinachotumia betri mbili ndogo zile za saa ya ukutani. Hata duka la mwisho kabla ya pori linazo. Ulininunia mpaka Sengerema. Pale ndipo ulipofungua mdomo ukasema kifaa chenyewe kinafanana na mimi. Nilifurahi sana, ila sikukuonyesha.

Simu nayo beba, sijakataa. Lakini simu utapigia watu picha, utasikilizia nyimbo, utanipigia mimi, na jioni itakuwa imezima. Hiki usikipe kazi nyingine. Asubuhi kabla hamjaondoka kambini kiwashe, kiweke mahali pa wazi, kisubiri. Watembezi watakuharakisha, watasema wewe dada twende. Waache waseme. Kikishatulia ndipo uweke pointi ya mahali mlipo, kwanza hiyo kabla ya ile ya mnakokwenda. Mimi nimewahi kuondoka kwa haraka bila kuiweka, nikazunguka msitu wa Bukombe siku nzima nikiwa na kifaa kinachojua kila kitu isipokuwa nilikotoka.

Na mshale wake usiufuate kama kondoo. Mshale unaonyesha njia ya ndege. Wakati mmoja wa masika uliniingiza kwenye mbuga, udongo ule mweusi wetu unaoujua, nikazama mpaka magotini, nikatoka upande wa pili na gambuti moja. Nyingine nadhani bado iko kule. Ukitaka kurudi, kiambie kikurudishe kwa njia ileile uliyoijia, hata kama ni ndefu.

Haya. Hayo mengine utafundishwa kazini. Nimekuwa nikizunguka, na wewe unanijua nikianza kuzunguka.

Unajua kwamba zamani nilikuwa mtu wa kupima vitalu vya wachimbaji wadogo. Mtu anapewa leseni ina namba za kona nne, mimi natembea na kifaa cha ofisi mpaka kwenye kila kona, nasimika bikoni, nguzo fupi ya mpaka. Nilikuwa kijana tu lakini wachimbaji waliniita Mzee wa Pointi. Wengine waliamini ile mashine inanusa dhahabu. Nikisimama mahali nikisubiri satelaiti, wananitazama kwa mbali, nikiondoka wanaweka alama. Siku moja nilijibanza nyuma ya kichaka kwa haja zangu binafsi, nikachelewa kidogo. Aisee, kesho yake nilikuta wanaume wanne wanachimba pale kwa sululu! Sikuwaambia.

Nacheka ninapoandika, lakini ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Ukibeba kifaa ambacho wenzako hawana, watu wanakuamini kuliko wanavyoyaamini macho yao, na taratibu na wewe unaanza kuona wana haki ya kukuamini. Huko unakokwenda utakuwa wewe ndiye mwenye kifaa. Ndiyo maana naogopa kidogo, na ndiyo maana ninakuandikia.

Mama yako alinifuata kwenye rashi ile iliyozuka porini, ng'ambo ya Segese. Watu walisikia dhahabu imeonekana, ndani ya mwezi mmoja pori likawa mji wa maturubai. Limi alipika chai na maandazi, wewe ulikuwa na miaka minne, unatembea peku huku unawaamkia wachimbaji wote shikamoo, hata walevi. Ulikuwa unamwita mama yako mayu, kama bibi yako alivyokufundisha. Sijui kama unakumbuka. Alikuwa na kicheko cha ghafla ambacho kilimwagisha chai.

Homa ilimkamata Jumanne. Mvua ilikuwa imekata barabara, mto umejaa, hakuna gari wala pikipiki iliyopita. Alhamisi asubuhi akafa. Tulisubiri mto upungue mpaka Ijumaa mchana, haukupungua, na joto lile unalijua. Tukamzika palepale, pembeni ya kambi, wachimbaji wakachimba kaburi wakilia, watu ambao kazi yao ni kuchimba. Mawe ya maana hayakuwepo. Jamaa wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akanipa gololi zake tatu za chuma, kila moja kama chungwa, nikazipanga upande wa kichwa. Kisha nikatoa kifaa cha ofisi, nikaweka pointi, nikaziandika namba kwenye daftari langu. Namba niliziandika vizuri. Bibi yako Holo, mama yake, hakumzika mwanawe. Alifika baada ya wiki mbili akakuta nimeshaondoka na wewe kuja Geita, na kaburi hakuna aliyemwonyesha.

Miaka mitano baadaye ukoo ukasema sasa tukamjengee. Unajua kwetu kaburi likiachwa udongo mtupu, mtu anahesabika kama amesahauliwa, na bibi yako kila tulipoonana alikuwa haongei lingine. Kifaa cha ofisi nilisharudisha, lakini daftari ninalo, na nilikuwa nimenunua changu mwenyewe. Nikaingiza zile namba. Nikawaambia shemeji zangu kwa majivuno, "Msihangaike, nitawafikisha mpaka kichwani pake."

Wewe ulikuwepo, una miaka tisa, umevaa sweta la shule. Rashi ilikuwa imekufa. Hakuna turubai, hakuna kijiwe cha chai, miti imechomwa mkaa, kila mahali matuta ya udongo na mashimo. Nisingeweza kupajua kwa macho. Nikatembea mbele na kifaa, ukoo mzima nyuma yangu na mifuko ya saruji, mpaka kikaandika kwamba nimefika. Palikuwa na tuta. Urefu wa mtu, linaelekea sawasawa. Ila gololi hazikuwepo.

Kabula, hapo moyo wangu ulishtuka. Ninakuambia ukweli, ulishtuka. Nikasema kwa sauti, "Wameiba. Wameuza chuma chakavu." Wote wakawalaani hao wezi, nami nikalaani pamoja nao.

Na kulikuwa na mama mmoja mchoma mkaa, amekaa kwenye gunia lake anatutazama. Akauliza, "Mnatafuta makaburi ya rashi? Mbona yako kule kwenye minyaa?" Akaonyesha kwa mdomo upande wa kusini. Nikamjibu kwa upole, upole ule wa mtu anayejiona anajua, "Mama, mashine hii inaongea na satelaiti." Akasema, "Haya, iulize basi hiyo satelaiti kama ilikuwepo siku ya mazishi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha tukachanganya saruji.

Fundi akajenga, katekista akasali, wewe ukaweka kikombe cha mama yako juu ya saruji kabla haijakauka, mpaka leo alama yake ipo. Bibi yako akalala kifudifudi pale juu akalia kilio alichokuwa amekibeba miaka mitano. Aliponyanyuka alinishika mikono yote miwili, yeye mkwe wangu ambaye hata kunitazama usoni hakuzoea, akanishukuru, "Wabeja, baba Kabula. Sasa mwanangu ana nyumba."

Mwaka uliofuata nilipata kibarua kule Kahama, nikapima kitalu kwa kifaa changu. Bikoni ya kwanza ikaangukia katikati ya mihogo ya mtu. Injinia akaja, akatazama, akanipokonya kifaa. "Umeweka mfumo gani wa ramani hapa, mzee?" Nikasema huohuo kiliokuja nao. Akacheka. Akanieleza mbele ya vijana jambo ambalo nilitakiwa nilijue siku zote. Namba zinahesabiwa kutoka mahali. Leseni zetu na ramani za zamani zimeandikwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na kifaa cha ofisi mtu alikuwa amekipanga hivyo kabla hakijafika mikononi mwangu. Kifaa kipya kinatoka kwenye boksi na mfumo wa satelaiti, WGS 84. Namba zilezile, ukizisoma kwa mfumo mwingine, zinakuweka mahali pengine, kama mita mia tatu hivi. Na kifaa hakipigi kelele kukuonya. Kinakuambia umefika.

Wenzangu walikuwa wanaifikiria mihogo. Mimi nilikaa chini, nikilifikiria kaburi tulilolijengea.

Nilikwenda Segese peke yangu wiki ileile. Nikabadilisha mfumo, mshale ukageuka, ukaonyesha kusini, mashariki kidogo. Nilipita kwenye lile kaburi la saruji nikaenda mbele, nikihesabu hatua kama mwendawazimu. Nikaikuta minyaa. Katikati ya majani kulikuwa na gololi tatu, zimeshika kutu, zimezama nusu ardhini, zimekaa kwa mpangilio uleule niliozipanga. Hakuna aliyeiba kitu. Tuta tulilolijengea lilikuwa udongo wa mtaro wa watafiti wa madini. Chini ya ile saruji hakuna mtu.

Nilikaa pale mpaka jua likashuka. Nilimwomba Limi msamaha, nikamwambia nitalirekebisha. Halafu nikarudi nyumbani, nikamkuta bibi yako amekuja kukuona, amenona, analala usingizi sasa, anasimulia watu jinsi mwanawe alivyojengewa. Ningesemaje? Nilijiambia nitasema akishapumzika kidogo. Nilikuwa naogopa pia shemeji zangu. Nilikuwa naogopa jina langu, Mzee wa Pointi aliyempoteza mke wake mwenyewe. Ukawa mwezi, ukawa mwaka.

Na wewe ukaanza kwenda. Kabla ya mtihani wa darasa la saba ukaomba nikupeleke kwa mama. Ukakaa kwenye saruji ukamweleza mambo yako ya hesabu. Kabla ya kidato cha nne, tena. Kabla ya kwenda chuo, tena. Mara zote tatu nilisimama nyuma yako, namwona kwa macho ya moyo yuko kule kwenye minyaa, na wewe umempa mgongo. Uliniuliza mara moja kwa nini huwa natazama kando. Nikasema natazama mvua.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita akiamini. Tangu hapo sina kisingizio. Imebaki woga mtupu, na upweke wake ni kitu ambacho sijui kukieleza. Ninakwenda kule peke yangu kila mwaka, napalilia, narudi, unaniuliza nilikuwa wapi, nasema nilikwenda kuona mtu. Humu ndani ya nyumba tumeishi wawili, na mimi nimeishi kama niko peke yangu, kwa sababu ya hilo. Kuanzia kesho nitakuwa peke yangu kweli. Asubuhi nimeosha vikombe viwili nikajikuta nimesimama tu na chako mkononi, maji yanamwagika.

Unaweza kunikasirikia. Nikasirikie tu, hata usiponisemesha mpaka ufike Iringa na huko milimani kwenye kazi yako nitaelewa, haitakuwa kama ile ya Sengerema. Maneno uliyomwambia mama yako mbele ya tuta la watafiti mimi ndiye niliyekunyang'anya, na siwezi kukurudishia.

Lakini nisikilize kwa hili moja. Kazini unaripoti Jumatano. Basi la kesho linapita Segese. Nimezungumza na kijana wa tiketi pale stendi, anasema safari inaweza kukatwa, ushuke Segese, Jumatatu uendelee kutokea Kahama. Shangazi yako anaweza kukulaza, na yeye hajui lolote bado. Kijana yule anafunga ofisi saa moja leo. Sijabadilisha kitu. Ninakusubiri wewe uamue.

Ukikubali, nitapanda basi hilo pamoja nawe. Kutoka Segese tutachukua bodaboda mpaka njia inapoishia, kisha tutatembea. Kifaa utashika wewe. Nimekipanga, nimekagua mfumo mara nne, na wewe ukague mara ya tano kwa sababu sasa unajua baba yako ni mtu wa namna gani. Nimeweka humo pointi moja tu. Nimeipa jina MAYU. Hata ukiamua hutaki kwenda nami, tafadhali usiifute.

Wewe utatangulia, mimi nitafuata nyuma, mtembezi wako wa kwanza. Sitakuambia kushoto wala kulia. Tukikuta mtu wa pale, mchoma mkaa, mchunga ng'ombe, yeyote, tutamwamkia na wewe utamuuliza, na atakachosema tutakisikiliza wote. Utaliona lile la saruji na alama ya kikombe ulichokiweka. Utapita. Nitajitahidi kukaza mwendo, ila magoti yangu unayajua.

Ukiziona gololi tatu, simama hapo, unisubiri. Sijawahi kufika pale nikiwa na mtu.

Ninasikia geti. Ni wewe, unaimba.

Baba yako